Kuchagua Mfumo wa Sola na Betri kwa Matumizi ya Nyumbani

Kaya nyingi ambazo hazijafikiwa na gridi ya Taifa hununua mfumo wa umeme wa jua mara moja tu katika miaka mingi, tena kwa fedha iliyopatikana kwa taabu: mauzo ya alizeti ya msimu mzima, mkopo wa kikundi, au ng'ombe aliyeuzwa. Ununuzi wa namna hiyo haurudiwi kwa urahisi. Mtu akikosea, hukaa na kosa hilo ndani ya nyumba yake.

Malalamiko ya watumiaji wa sola hufanana. Mfumo hufanya kazi vizuri kwa miezi ya mwanzo. Baadaye televisheni huanza kuzimika saa tatu usiku, kisha saa mbili, na mwishowe hata taa hazifiki saa nne. Muuzaji hushauri iongezwe paneli. Paneli huongezwa, lakini giza hubaki palepale, kwa sababu kilichokufa ni betri. Betri hiyo mara nyingi haikuwa mbovu siku iliyonunuliwa. Ilikuwa ndogo kuliko kazi iliyopewa, na kila usiku ilikamuliwa hadi tone la mwisho.

Lengo la somo hili ni kumwezesha mtumiaji kufanya hesabu yake mwenyewe kabla ya kuingia dukani, na hasa hesabu ya umeme wa usiku. Hesabu hiyo haihitaji utaalamu. Inahitaji karatasi, kalamu na kikokotoo cha simu.

SEHEMU NNE ZA MFUMO

Mfumo kamili wa nyumbani una sehemu nne. Paneli hubadili mwanga wa jua kuwa umeme. Betri huhifadhi umeme huo kwa ajili ya usiku na saa za mawingu. Kidhibiti chaji, ambacho mafundi wengi hukiita kontrola, husimamia uingiaji wa umeme kwenye betri ili isijazwe kupita kiasi, na katika mifumo midogo huzuia pia isimalizwe kabisa. Inveta hubadili umeme wa betri wa volti 12, 24 au 48 kuwa umeme wa volti 230 unaotumiwa na vyombo vya kawaida vya nyumbani.

Vipimo vitatu vinatosha kwa somo letu. Wati hueleza kasi ya chombo kula umeme. Wati-saa hueleza kiasi kilicholiwa: chombo cha wati 40 kikiwashwa kwa saa 5 hutumia wati-saa 200. Wati-saa 1,000 ni sawa na yuniti moja, ileile inayonunuliwa kwa luku. Ampia-saa, inayoandikwa Ah kwenye betri, hueleza ukubwa wa betri. Ukizidisha ampia-saa kwa volti za betri unapata wati-saa. Betri ya volti 12 yenye 100 Ah kwa hiyo ina wati-saa 1,200.

HATUA YA KWANZA: ANDIKA MATUMIZI YAKO

Orodhesha kila chombo unachokusudia kutumia. Andika wati zake, ambazo huonyeshwa kwenye kibandiko cha nyuma au kwenye boksi, kisha andika saa utakazokitumia kwa siku. Zidisha. Tuchukue kaya ya mfano ya watu sita iliyoko kijijini mkoani Singida:

- Taa 5 za LED, wati 7 kila moja, saa 5: wati-saa 175
- Taa 1 ya nje, wati 9, saa 12: wati-saa 108
- Televisheni ya inchi 32, wati 40, saa 5: wati-saa 200
- King'amuzi, wati 15, saa 5: wati-saa 75
- Feni 1, wati 50, saa 6: wati-saa 300
- Redio, wati 10, saa 6: wati-saa 60
- Kuchaji simu 4, wati-saa 15 kila moja: wati-saa 60

Jumla ni wati-saa 978 kwa siku, yaani takribani yuniti moja. Kaya hii ikitazama orodha yake itaona jambo ambalo halionekani kwa macho: feni peke yake hula karibu theluthi moja ya umeme wote. Kabla ya kununua kitu chochote, imeshajua mahali pa kupunguza siku ya mawingu.

Orodha hiyo pia hueleza kwa nini baadhi ya vyombo havifai kwenye mfumo mdogo. Pasi ya umeme ya wati 1,000 ikitumika kwa saa moja hula umeme unaoitosheleza kaya yetu kwa siku nzima. Birika la umeme, jiko la umeme na hita ya maji ni walaji wakubwa wa namna hiyohiyo. Chombo chochote kinachozalisha joto kipewe chanzo kingine, isipokuwa kwa mwenye uwezo wa kununua mfumo mkubwa uliokusudiwa kwa kazi hiyo. Muuzaji anayekuahidi kwamba paneli moja na betri moja vitaendesha taa, televisheni, friji na pasi hajafanya hesabu, au ameifanya na hataki uione.

HATUA YA PILI: PANELI

Umeme hupotea njiani: kwenye waya, kwenye inveta, ndani ya betri, na kwenye paneli yenyewe inapopata joto na vumbi. Makadirio ya busara ni kwamba robo ya umeme haitakufikia. Kwa hiyo gawanya jumla ya matumizi kwa 0.75. Kwa kaya yetu, 978 gawanya kwa 0.75 ni takribani wati-saa 1,300. Hizo ndizo paneli inazopaswa kuzalisha kila siku.

Sasa gawanya kwa saa za jua kamili. Maneno haya hayana maana ya saa ambazo jua huonekana. Jua la asubuhi na la jioni ni dhaifu, hivyo mwanga wote wa siku hukusanywa na kuhesabiwa kana kwamba ulikuwa mkali kama wa adhuhuri. Tanzania hupata kati ya saa 4 na 7 za jua kamili kwa siku, kutegemea mahali na majira. Usipange kwa mwezi bora. Panga kwa miezi ya mawingu. Tukitumia saa 4.5, wati-saa 1,300 gawanya kwa 4.5 ni wati 289. Kaya yetu inahitaji paneli ya wati 300, au mbili za wati 150.

HATUA YA TATU: BETRI

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Rudi kwenye orodha na uhesabu vile vyombo tu vitakavyotumika baada ya jua kuzama. Katika kaya yetu, redio na simu zinaweza kutumia umeme wa mchana. Vinavyobaki ni taa za ndani, taa ya nje, televisheni, king'amuzi na feni: wati-saa 858. Ongeza umeme unaopotea kwenye inveta na nyaya kwa kugawanya kwa 0.85, utapata takribani wati-saa 1,010. Hicho ndicho kiasi ambacho betri lazima ikitoe kila usiku.

Swali linalofuata ndilo ambalo muuzaji mara chache huliuliza: je, betri inaruhusiwa kutoa sehemu gani ya umeme ilioubeba? Jibu hutegemea aina ya betri.

Betri ya risasi na asidi, pamoja na ile ya jeli ambayo ni ya jamii hiyohiyo, haipaswi kutumika kwa kawaida zaidi ya nusu ya ujazo wake. Ikishushwa chini ya hapo usiku baada ya usiku, uhai wake hupungua haraka. Kwa hiyo kaya yetu inahitaji betri yenye ujazo mara mbili ya wati-saa 1,010, yaani 2,020. Gawanya kwa volti 12, utapata 168 Ah. Betri iliyo karibu na hapo dukani ni ya 200 Ah.

Betri ya lithiamu ya aina inayoandikwa LiFePO4 huweza kutumika hadi asilimia 80 ya ujazo wake au zaidi. Wati-saa 1,010 gawanya kwa 0.8 ni takribani 1,260. Betri za aina hii huwa na volti 12.8, hivyo 100 Ah hutosha. Kwa maneno mengine, betri ya lithiamu ya 100 Ah inafanya kazi ya betri ya jeli ya 200 Ah. Anayelinganisha bei ya betri mbili zenye namba ileile ya Ah bila kuuliza aina yake analinganisha vitu visivyolingana.

Betri ya gari haifai kwa kazi hii ingawa nayo ni ya volti 12. Imetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, kisha ijazwe papo hapo. Ikifanyishwa kazi ya kutoa umeme kidogo kidogo usiku kucha, huchakaa mapema.

Wapo wanaopenda akiba ya siku mbili za mawingu. Hilo ni jambo jema, ila betri ikiongezwa lazima paneli nazo ziongezwe. Kuongeza betri peke yake ni kununua pipa la pili huku bomba likitoa maji yaleyale: mapipa yote mawili yatakaa nusu. Kwa betri ya risasi, kukaa nusu kwa muda mrefu ni ugonjwa.

BEI YA BETRI KWA KILA YUNITI

Bei iliyobandikwa kwenye betri haikuambii kama betri ni ghali au ni rahisi. Unahitaji kujua pia idadi ya mizunguko, yaani mara ngapi betri inaweza kutumika na kujazwa tena kabla ya kuchoka. Idadi hiyo huandikwa na mtengenezaji kwenye karatasi ya maelezo, pamoja na kina cha matumizi kilichopimwa. Dai karatasi hiyo.

Tuchukue bei za mfano, ambazo si bei za soko. Betri ya jeli ya 200 Ah inauzwa shilingi 700,000, na karatasi yake inasema mizunguko 700 ikitumika hadi nusu. Kila usiku inatoa yuniti 1.2, hivyo katika uhai wake itatoa yuniti 840. Kila yuniti imegharimu takribani shilingi 833. Betri ya lithiamu ya 100 Ah inauzwa shilingi 1,400,000, na karatasi yake inasema mizunguko 3,000 ikitumika hadi asilimia 80. Kila usiku inatoa takribani yuniti 1.02, na katika uhai wake itatoa yuniti zipatazo 3,070. Kila yuniti imegharimu takribani shilingi 456.

Kwa kuwa mzunguko mmoja ni usiku mmoja, betri ya kwanza itahitaji kubadilishwa kabla ya miaka miwili kutimia, na ya pili inaweza kuvuka miaka minane. Hata hivyo hesabu hii haimlazimishi kila mtu kununua lithiamu. Mwenye nyumba anayetumia betri mara chache, kwa mfano wakati umeme wa gridi unapokatika tu, hatamaliza mizunguko hiyo upesi. Muhimu ni kuifanya hesabu kwa bei na karatasi ulizowekewa mezani, kwa matumizi yako halisi.

KIDHIBITI CHAJI NA INVETA

Vidhibiti chaji ni vya aina mbili: PWM, ambavyo ni vya bei nafuu, na MPPT, ambavyo ni ghali zaidi. Tofauti yao huonekana pale volti za paneli zinapozidi sana volti za betri. Chukua paneli ya wati 300 yenye volti 32 na ampia 9.4. Ikiunganishwa na betri ya volti 12 kupitia PWM, ampia zile 9.4 huingia kwenye betri kwa volti takribani 13, na paneli ya wati 300 hutoa wati 122 tu. Zaidi ya nusu ya ulichokilipia hubaki juu ya paa. Paneli ya namna hiyo huhitaji MPPT. PWM hufaa kwa paneli zilizotengenezwa kwa ajili ya betri ya volti 12, ambazo volti zake za kazi huwa takribani 18. Anayenunua betri ya lithiamu ahakikishe pia kwamba kidhibiti chake kina mpangilio wa lithiamu.

Ukubwa wa inveta hupatikana kwa kujumlisha wati za vyombo vitakavyowashwa kwa wakati mmoja. Kaya yetu ikiwasha kila kitu pamoja haifiki wati 200, hivyo inveta ya wati 300 hadi 500 inatosha. Soma kwa makini namba iliyo kwenye boksi. Baadhi ya inveta huandikwa kwa herufi kubwa wati zinazoweza kubebwa kwa sekunde chache tu; wati za kazi ya kudumu huwa nusu ya hizo na huandikwa kwa herufi ndogo. Nunua kwa namba ya kazi ya kudumu. Kama una friji, feni au pampu, chagua inveta yenye wimbi safi, kwa kuwa mota huchemka na kunguruma kwenye wimbi la kuigiza. Kumbuka pia kwamba mota ya friji huvuta umeme mara kadhaa ya kiwango chake cha kawaida inapoanza kuzunguka.

DUKANI: NENDA NA FUTI KAMBA, ULIZIA MIZANI

Namba zilizo kwenye kibandiko zinaweza kuandikwa na yeyote mwenye mashine ya kuchapisha. Ukubwa na uzito ni vigumu zaidi kughushi.

Pima paneli kwa futi kamba. Mwanga wa jua kali huleta takribani wati 1,000 kwa kila mita moja ya mraba, na paneli zinazouzwa kwa matumizi ya nyumbani kwa kawaida hazibadili zaidi ya asilimia 24 ya mwanga huo kuwa umeme. Kwa hiyo mita moja ya mraba haiwezi kukupa zaidi ya wati 240 hivi. Paneli yenye urefu wa mita 1.2 na upana wa mita 0.5 ina eneo la mita za mraba 0.6, kikomo chake ni wati 144. Kama kibandiko kinasema wati 300, kibandiko hicho ni cha uongo, hata kama jina lililoandikwa juu yake ni maarufu.

Pima betri kwa mizani. Risasi ni nzito, na ujazo wa betri ya risasi au ya jeli huenda sambamba na uzito wake. Betri ya volti 12 yenye 100 Ah huwa na kilo takribani 28 hadi 30, na ya 200 Ah huwa na kilo 55 au zaidi. Betri inayodaiwa kuwa na 200 Ah huku ikiwa na kilo 35 haina risasi ya kutosha kubeba kiasi hicho. Kipimo hiki hakihusu lithiamu, ambayo kwa asili ni nyepesi.

Angalia pia alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Paneli nzuri huwa na marejeo ya viwango vya kimataifa vya IEC 61215 na IEC 61730 kwenye karatasi yake ya maelezo. Kwa vifurushi vidogo vinavyouzwa vikiwa na taa zake, uliza kama bidhaa hiyo imethibitishwa chini ya mpango wa VeraSol, unaopima ubora wa bidhaa ndogo za sola. Tarehe ya kutengenezwa kwa betri nayo ni muhimu: betri ya risasi iliyokaa ghalani muda mrefu bila kuchajiwa huwa imeanza kuchakaa kabla hujaibeba.

KULIPA KIDOGO KIDOGO

Vifurushi vingi vya sola huuzwa kwa malipo ya siku, wiki au mwezi kupitia simu. Utaratibu huo umewawezesha wengi kupata mwanga, lakini lazima ujumlishe. Kwa mfano, kianzio cha shilingi 80,000 na malipo ya shilingi 1,500 kwa siku kwa miaka miwili ni jumla ya shilingi 1,175,000. Uliza bei ya taslimu ya kifurushi hichohicho, kisha toa. Tofauti utakayoipata ni gharama ya mkopo, na ni haki yako kuijua kabla ya kuweka sahihi.

Uliza pia maswali manne, na majibu yaandikwe kwenye mkataba. Nikichelewa kulipa, mfumo utazimwa baada ya siku ngapi? Nikishindwa kabisa, je, fedha niliyokwisha kulipa inapotea yote? Betri ikifa kabla sijamaliza deni, ni nani anayeibadilisha? Nikimaliza kulipa, mfumo unafunguliwa moja kwa moja au kuna malipo mengine?

UFUNGAJI NA UTUNZAJI

Kifaa kizuri kikifungwa vibaya hutoa matokeo mabaya. Tanzania iko kusini mwa ikweta, hivyo paneli ielekezwe kaskazini, ikiwa na mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15. Mwinamo huo pia husaidia mvua kuosha vumbi. Iachwe nafasi kati ya paneli na bati ili hewa ipite, kwa sababu paneli iliyopata joto kali hutoa umeme pungufu. Kivuli cha tawi moja la mwembe au cha mlingoti wa antena kinaweza kupunguza sana umeme wa paneli nzima, si wa sehemu iliyofunikwa tu.

Betri na inveta vikae jirani. Inveta inayotoa wati 300 kutoka kwenye betri ya volti 12 huvuta ampia 25. Zikipitishwa kwenye waya wa milimita za mraba 2.5 ulio na urefu wa mita 10, zaidi ya volti 3 hupotea njiani na waya hupata joto. Tumia waya mnene na mfupi, na fyuzi iwekwe karibu na betri. Betri ya asidi ikae mahali penye hewa, mbali na moto na mbali na chumba cha kulala, kwa sababu hutoa gesi inayoweza kulipuka. Kwa nyumba yenye umeme wa gridi, inveta isiunganishwe na nyaya za nyumba bila swichi ya kubadilishia njia. Umeme unaorudi kwenye laini unaweza kumuua fundi anayedhani laini imezimwa.

Fundi awe na leseni ya ufungaji umeme inayotolewa na EWURA. Mwombe akuonyeshe, na uandike namba yake.

Safisha paneli kwa maji na kitambaa laini asubuhi au jioni, hasa wakati wa kiangazi chenye vumbi. Usichanganye betri mpya na kuukuu. Betri ya risasi iliyokufa usiitupe wala usiipasue: risasi ni sumu inayodhuru hasa ubongo wa watoto. Irudishe kwa muuzaji au kwa mkusanyaji anayetambulika.

DHAMANA, RISITI NA MALALAMIKO

Dhamana, au waranti kama wengi wanavyoiita, huwa tofauti kwa kila sehemu ya mfumo. Watengenezaji wengi wa paneli huahidi kwamba baada ya miaka 20 hadi 25 paneli itakuwa bado ikitoa takribani asilimia 80 ya uwezo wake. Betri na inveta huwa na muda mfupi zaidi. Neno «dhamana ya miaka 20» lililotamkwa dukani kwa kawaida linahusu paneli, kifaa ambacho mara chache hufa. Uliza dhamana ya betri, na uipate kwa maandishi.

Dai risiti ya EFD inayotaja kila kifaa, wati zake au Ah zake. Hifadhi risiti, mkataba na picha za vibandiko. Tatizo likitokea, mwandikie muuzaji kwanza na ubaki na nakala. Asipotekeleza wajibu wake, peleka suala lako Tume ya Ushindani (FCC), ambayo hushughulikia ulinzi wa mlaji chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na pia bidhaa bandia. Ubora wa bidhaa ukitiliwa shaka, toa taarifa TBS. Kazi mbovu ya fundi mwenye leseni iripotiwe EWURA.

ZOEZI

Kaya yetu ya mfano inataka kuongeza friji ndogo inayotumia wati-saa 600 kwa siku, nusu yake usiku. Je, paneli ya wati 300 na betri ya jeli ya 200 Ah vitatosha? Fanya hesabu kabla ya kusoma jibu.

Jibu: Matumizi ya siku yanakuwa wati-saa 1,578. Gawanya kwa 0.75, kisha kwa 4.5: zinahitajika paneli za wati 468, hivyo 300 hazitoshi. Matumizi ya usiku yanakuwa wati-saa 1,158. Gawanya kwa 0.85, utapata takribani 1,362. Kwa betri ya jeli zidisha mara mbili, gawanya kwa 12: zinahitajika 227 Ah, hivyo 200 Ah hazitoshi. Kwa lithiamu zinahitajika takribani 133 Ah. Kaya hii ikiongeza friji bila kuongeza paneli na betri, taa zitaanza kuzimika mapema, na ndani ya muda mfupi itanunua betri nyingine.

Sasa fanya hesabu hiyohiyo kwa nyumba yako. Andika namba tatu juu ya karatasi: wati za paneli, Ah za betri pamoja na aina yake, na wati za inveta. Ingia dukani ukiwa nayo mkononi, na bei zote uulizie kwa namba hizo.